Mwanzoni sauti na mdomo viko sawa, mwishoni vimeachana

"Shikamoo mwalimu. Nimemhoji babu yangu, mvuvi mstaafu wa Pangani, kuhusu maisha ya majahazi. Mahojiano yana dakika 68 bila kukatika. Picha nimechukua kwa simu, fremu 30 (yaani picha tuli 30) kwa sekunde. Sauti nimerekodi pembeni kwa kinasa sauti kidogo alichokiweka mfuko wa shati, maikrofoni nimembania kwenye kola, faili ni MP3 ya 44.1, yaani vipimo 44,100 vya sauti kwa sekunde. Nilipiga kofi mwanzoni kama tulivyofundishwa. Nimeoanisha kofi na kofi na dakika za mwanzo ni safi kabisa. Ikifika dakika ya 20 naona mdomo unatangulia kidogo. Mwishoni sauti inachelewa karibu nusu sekunde. Nimejaribu kuikata kila baada ya dakika tano na kuisogeza, lakini maneno mengine yanaliwa. Rafiki mmoja anasema kadi ya kumbukumbu ni mbovu, mwingine anasema kompyuta yangu haina nguvu, wa tatu anasema kosa ni kuchanganya 44.1 na 48. Babu ana miaka 84, sitaki kumsumbua arudie. Nifanye nini?"

Marahaba. Kwanza tulia, na usimsumbue babu. Kwa jinsi ulivyoeleza, hakuna neno lake lililopotea. Sauti yote ipo na picha yote ipo. Ila vifaa viwili vimehesabu muda uleule kwa vipimo viwili tofauti. Hilo linarekebishika, na bila kurekodi upya hata dakika moja. Ninachokuomba ni uache kusogeza vipande kwa sasa, mpaka tujue ni kifaa kipi kilichohesabu vibaya. Ukisogeza kabla ya kupima, unaficha ushahidi.

Nianze na marafiki zako, maana ushauri wao ndio unaopoteza watu wengi. Ukubwa wa tofauti unamtaja mhusika. Kama programu ingesoma sauti ya 44.1 kana kwamba ni 48, mahojiano yako ya dakika 68 yangeharibika kwa zaidi ya dakika tano, na babu angesikika kama mtu mwingine, sauti imepanda juu. Wewe una nusu sekunde na sauti ni yake. Basi si hilo. Karibu programu zote za kuhariri za leo zinabadilisha 44.1 kuwa 48 zenyewe, na urefu haubadiliki. Kuna na lile la fremu 30 kusomwa kama 29.97: tofauti yake ni moja kwa elfu, na katika dakika 68 ingefika sekunde nne. Nalo si lako.

Kompyuta dhaifu inagugumia wakati wa kucheza. Picha inakwama, kisha inaruka kuifukuzia sauti. Lakini ukisimamisha na kuanza kucheza tena palepale, kila kitu kinarudi sawa, na video uliyokwisha kuitoa haina kasoro. Kwako kasoro ipo hata ukirukia moja kwa moja dakika ya 67. Na kadi mbovu haichelewi polepole. Kadi inayoshindwa kuandika inadondosha kipande, kwa hiyo sauti inakuwa sawa, sawa, sawa, halafu ghafla imeruka. Wewe unaeleza mteremko, si shimo.

Sasa mteremko huu unatoka wapi? Ndani ya simu na ndani ya kile kinasa sauti kuna kijiwe cha fuwele kinachotetemeka, kama kile cha saa ya mkononi ya betri. Kijiwe hicho ndicho kinachokiambia kifaa: sasa chukua sampuli, yaani kipimo kimoja cha sauti, sasa chukua nyingine, mara 44,100 au 48,000 kwa kila sekunde. Hakuna vijiwe viwili vinavyotetemeka sawasawa. Kosa la kawaida ni sehemu 20 hadi 50 kwa milioni, na joto linachangia, hasa kifaa kikikaa mfukoni kifuani pa mtu mchana wa pwani.

Fikiria mafundi wawili wanapima gora moja la kitambaa kwa dhiraa ya mkono. Mmoja mkono wake ni mfupi kwa upana wa uzi tu. Dhiraa ya kwanza huoni tofauti, ya kumi huoni. Wakifika mwisho wa gora, mwenye mkono mfupi amehesabu dhiraa nyingi zaidi, ingawa kitambaa ni kilekile. Kinasa sauti chako ndicho chenye mkono mfupi: kimechukua sampuli nyingi kidogo kuliko ilivyopaswa, na programu inapozicheza kwa kasi rasmi, mahojiano yanakuwa marefu kidogo kuliko picha. Ndiyo maana mdomo unatangulia na sauti inafuata. Ingekuwa kinyume, sauti ingetangulia.

Kijiwe kilichokosea kwa sehemu 50 kwa milioni kinaleta sekunde 0.18 kwa saa. Kama cha simu kimekosea upande huu na cha kinasa upande wa pili, ni mara mbili yake, yaani kama sekunde 0.4 kwa dakika zako 68. Nusu sekunde ni juu kidogo ya hapo. Vifaa vya bei ndogo vinaweza kufika huko, lakini inanifanya nimtazame mshukiwa wa pili kabla ya kutoa hukumu.

Mshukiwa huyo ni simu yenyewe. Uliipa fremu 30 kwa sekunde, lakini simu nyingi hazishiki 30 kamili. Mwanga ukipungua, tuseme wingu limefunika jua na mlikaa barazani, simu inapunguza mwendo wa fremu ili kila fremu ipate mwanga zaidi. Simu ikipata joto, vilevile. Matokeo ni faili ambayo fremu zake hazina nafasi sawa: hapa 30, pale 29.8, pale 28. Ndani ya faili kuna maandishi yanayosema kila fremu ionyeshwe lini, na kichezeshi kizuri kinayafuata. Baadhi ya programu za kuhariri, hasa matoleo ya zamani, zinayapuuza na kuzipanga fremu kana kwamba zote zina nafasi moja. Hapo picha ndiyo inayoteleza, na sauti safi ya kinasa inasingiziwa bure.

Kuwatenganisha washukiwa hawa kunakuchukua dakika kumi. Usiangalie sauti ya kinasa kabisa. Weka faili ya simu kwenye taimulaini, ule mstari wa muda wa programu ya kuhariri, pamoja na sauti yake yenyewe, ile hafifu iliyonaswa na simu. Nenda dakika ya 67, tafuta mahali babu anatamka neno lenye "p" au "b", maana midomo lazima ifungwe kabisa kabla ya kuachia. Sogea fremu kwa fremu. "Pweza", "bahari", "pepo za kusi": picha ya midomo inayoachana na mlipuko mdogo kwenye mawimbi ya sauti vinapaswa kukutana. Kama sauti ya simu imeachana na picha ya simu, shida ni fremu zisizo sawa. Kama sauti ya simu na picha yake viko pamoja, na ni sauti ya kinasa peke yake iliyochelewa, shida ni vijiwe viwili. Rudia jaribio katikati, dakika ya 34. Tofauti ya vijiwe inakua kwa mstari ulionyooka: katikati utakuta nusu ya tofauti ya mwisho. Ya fremu inapanda na kushuka.

Ukitumia vipokea sauti vya Bluetooth, vivue ufanye jaribio hili kwa waya. Vinachelewesha sauti kwa kiasi unachoweza kukiona, na vimewafanya wahariri wengi "warekebishe" sauti ambayo haikuwa na tatizo. Ucheleweshaji wa Bluetooth haukui toka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo si chanzo cha shida yako, lakini unaweza kuyapotosha macho yako.

Ikionekana ni fremu, dawa ni kuibadilisha faili ya simu kabla ya kuhariri. HandBrake ni programu ya bure na inatosha. Kwenye sehemu ya video, chagua fremu 30 badala ya kuiacha ifuate faili asilia, kisha weka alama kwenye Constant Framerate, yaani mwendo wa fremu usiobadilika. Ubora uweke juu kuliko ulivyozoea, maana utaibana tena utakapotoa kazi ya mwisho. Faili mpya ndiyo uiingize kwenye mradi, na ile asilia uihifadhi bila kuigusa. Halafu oanisha upya na kofi la mwanzo, uende mwisho uone kilichobaki. Mara nyingi kinabaki kidogo tu, kile cha vijiwe.

Ikionekana ni vijiwe, utafanya hesabu moja. Kwanza fungua MP3 yako kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na uihifadhi kama WAV, faili ya sauti isiyobanwa, kwa sababu MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni na programu nyingine huikosea kidogo unaporuka mbele. Kisha unahitaji alama mbili zinazosikika kwenye sauti zote mbili, ya simu na ya kinasa. Ya kwanza unayo, ni lile kofi. Ya pili hukuipiga, lakini dunia imekupigia: tafuta karibu na mwisho mlio mkali wa ghafla, kikombe cha kahawa kikiwekwa mezani, mlango, kikohozi kikavu. Ukuze mawimbi mpaka uone pale mstari unaponyanyuka kwa mara ya kwanza, uandike muda.

Tuseme kwenye sauti ya simu, toka kofi hadi kikombe ni sekunde 4048.00. Kwenye kinasa ni 4048.48. Gawanya kubwa kwa ndogo: 1.000119. Maana yake sauti ya kinasa iongezwe kasi kwa asilimia 0.012. Audacity ina amri ya kubadilisha kasi pamoja na kimo cha sauti (wembamba au uzito wake), na kisanduku chake kinapokea desimali tatu, kwa hiyo andika 0.012. Sauti itafupika mpaka 4047.99 na ushei, kosa la milisekunde chache ambalo hakuna sikio litakalolikamata. Usiogope neno "kimo". Sauti ya babu itapanda kwa moja ya mia tano ya nusu toni. Hata mpiga udi wa taarabu hatalisikia hilo. Mimi naipendelea njia hii kuliko ile ya kunyoosha sauti huku kimo kikibaki palepale, kwa sababu hiyo ya pili inaikatakata sauti vipande vidogo na kuiunga, na kwenye sauti ya mzee yenye mikwaruzo viungo vinaweza kusikika.

Usifanye kazi hii kwenye kisanduku cha kasi kinachopokea desimali mbili tu. Pale kasi ya asili inapoandikwa 100, ukiandika 100.01 badala ya 100.012, utabaki na milisekunde kama 75 mwishoni, karibu fremu mbili na robo za simu yako. Ni bora kuliko nusu sekunde, lakini umeshaitolea jasho, kwa nini uiache njiani?

Kuna swali ambalo hukuuliza na lingeweza kukuokolea kazi yote hii: video ya mwisho itakuwa na urefu gani? Kama utaonyesha dakika zote 68 kama kumbukumbu ya familia, fanya hesabu ile. Lakini kama utachagua dakika 12 nzuri, hakuna haja ya kuirekebisha saa nzima. Kwa kasi ya mteremko wako, fremu moja inapotea kila baada ya dakika nne na nusu hivi. Kipande kifupi kuliko hapo, ukikioanisha vizuri pale kinapoanza, hakitawahi kuachana na mdomo kwa zaidi ya fremu moja. Kata vipande vyako, oanisha kila kimoja kwa neno lake la kwanza lenye "p" au "b", umemaliza.

Na hapa nirudi kwenye kukata kwako kila dakika tano, kwa sababu wazo halikuwa baya. Mahali pa kukatia ndipo palipokuponza. Ulikata kwa kufuata saa, dakika ya 5, ya 10, ya 15, bila kumsikiliza babu. Unaposogeza sauti ije mapema kwa fremu moja au mbili, lazima kipande cha muda huo kitolewe mahali fulani, na kikitolewa katikati ya neno, neno linaliwa. Mzee wa umri wake anapumzika sana akisimulia. Anatazama bahari, anameza mate, anavuta pumzi. Kata hapo, ndani ya ukimya, hata kama ni dakika 4 na sekunde 12, na uweke mpito mfupi sana wa sauti juu ya kiungo, kipande kimoja kikififia huku kingine kikiingia, ili kelele ya upepo isikatike ghafla. Hakuna atakayejua.

Ni kosa la ukubwa gani mtu analiona? Umoja wa kimataifa wa mawasiliano, ITU, uliweka kipimo katika pendekezo lake BT.1359: watazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 hivi, lakini ikichelewa, mpaka ifike kama 125. Sababu naiona ni ya maumbile. Maisha yote tumezoea kuona kabla ya kusikia: umeme kwanza, radi baadaye, shoka linashuka ng'ambo ya mto, mlio unafika nyuma yake. Sauti inayotangulia tukio lake haipo duniani, na akili inaikataa mara moja. Kwa hiyo ukibaki njia panda kati ya fremu mbili, chagua ile inayochelewesha sauti kidogo.

Hilo linanikumbusha kosa nililowahi kulifanya mwenyewe kwenye harusi moja. Kamera ilikuwa nyuma kabisa ya ukumbi, mita kama 28 kutoka kwa maharusi, na kinasa sauti kilikuwa mezani pao. Niliacha programu ioanishe yenyewe kwa kulinganisha mawimbi, ikaoanisha barabara, na bado kila neno lilikuwa zito, linaburuta nyuma ya mdomo. Nilihangaika siku nzima. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, maana yake kwa kamera ya fremu 25 kila mita 14 ni fremu moja. Sauti niliyokuwa naitumia kama rula ilikuwa imefika kwenye kamera ikiwa imechelewa fremu mbili tayari. Wewe simu ilikuwa mita mbili tatu toka kwa babu, huna tatizo hili. Lakini ukija kurekodi mkutano au kwaya toka mbali, malizia kwa jicho: oanisha kwa fremu ambayo viganja vinagusana, si kwa mlio wa kofi uliosikika kwenye kamera.

Safari ijayo piga kofi mwanzoni na jingine mwishoni, viganja vyote viwili vikionekana kwenye picha. Kofi la mwisho ndilo linaloifanya hesabu ya leo iwe ya dakika tano badala ya mchana mzima. Rekodi kwa WAV ya 48. Kwenye simu tumia programu ya kamera inayokuruhusu kufunga fremu na mwanga visibadilike. Na kama kuna njia ya kuchomeka maikrofoni moja kwa moja kwenye simu, ichukue, kwa sababu sauti na picha zikitumia kijiwe kimoja tatizo la vijiwe viwili halitokei. Kuna watakaokuambia ununue vile visanduku vya kuandika saa kwenye kila kifaa. Ni vizuri ukiwa na kamera tatu na siku nzima ya kazi, maana vinakuonyesha kila klipu inaanzia wapi. Ila vingi vinabandika lebo ya muda tu. Mwendo wa kijiwe ndani ya kinasa unabaki ulivyo, na kwa klipu ndefu ya dakika 68 ungeukuta mteremko uleule.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi. Kama kwenye jaribio utakuta sauti ya simu iko sawa na picha yake, lakini tofauti ya kinasa haipandi kwa mstari, bali inaruka hapa na pale, huenda kinasa kilidondosha vipande, na hapo mtu mzoefu anapaswa kukaa na faili hiyo na kuipitia ruko kwa ruko. Kama faili inagoma kufunguka au muda wake unasoma sifuri, itoe kadi kwenye kifaa leo hii, usirekodi kitu kingine juu yake wala usiifute na kuiandaa upya, umpelekee fundi wa kuokoa data. Na kama kazi itarushwa kwenye televisheni, lipia saa mbili za studio wakukague kabla ya kuikabidhi. Popote utakapokwenda, beba faili asilia za simu na za kinasa kwenye flashi. Usizitume kwa WhatsApp kama video ya kawaida, kwa sababu itaibana picha upya na huenda ikabadilisha fremu, na fundi ataanza kutibu ugonjwa ambao mgonjwa hakuja nao.